Gramu 120 za manjano kwa siku

Ujumbe uliingia kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp saa kumi na moja alfajiri. Jumbe za tiba ndizo saa zao hizo, sijui wanaozituma hulala saa ngapi. "Majani ya mstafeli huua seli za saratani mara 10,000 kuliko kemo. Makampuni ya dawa hayataki ujue. Watumie watu kumi." Chini yake shangazi zangu watatu wameweka vikono vya dua, na mjomba, ambaye ndiye hasa aliyelengwa, ameandika neno moja: "Inshallah."

Mjomba alikuwa na donda ubavuni mwa ulimi. Lilikuwa na miezi saba. Alilisukutulia maji ya manjano na chumvi, alilipaka asali usiku, alikunywa chai ya majani ya mstafeli asubuhi na jioni, na baada ya chakula cha mchana aliendelea na tambuu yake ya kutafuna kama alivyozoea tangu ujanani, huko kwao Tanga.

Hiyo 10,000 haikuokotwa barabarani, na hapo ndipo penye kazi. Uongo mtupu unapingika kwa sentensi moja. Huu una mzizi. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha taarifa kwamba wametenga kemikali kadhaa kutoka kwenye stafeli, na mojawapo, ilipomwagiwa seli za saratani ya utumbo mpana, iliziua kwa nguvu ya takriban mara 10,000 ya adriamaisini, dawa mojawapo ya kemo. Hilo ni kweli kabisa. Sasa tazama lilivyobadilika likiwa safarini. Kemikali ile ilitoka kwenye mbegu. Ilipofika kwa shangazi ikawa majani. Ilikuwa kiini kimoja kilichosafishwa, ikawa chai. Utumbo mpana ukawa saratani zote, ulimi ukiwemo. Na sahani ya maabara, isiyo na ini, isiyo na figo, isiyo na damu inayozunguka, ikawa binadamu.

Kuua seli ndani ya sahani si kazi kubwa. Jiki inaua. Maji ya chai yanayochemka yanaua. Dawa hutafutwa kwenye swali la pili: je, kitu hicho kinaweza kuiua seli mbovu ikaacha nzima, na kikalifikia donda kikiwa bado na nguvu? Stafeli hapo ina doa lake. Kisiwani Guadeloupe, kwenye bahari ya Karibi, madaktari waliripoti mwaka 1999 kwamba wanaona wagonjwa wengi kupita kawaida wenye ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson lakini usiokubali dawa zake, na wengi wao walikuwa watumiaji wa matunda na chai za majani ya jamii ya mstafeli. Baadaye ilionekana maabara kwamba anonasini, kemikali ya jamii ileile inayosifiwa kwa kuua saratani, huua pia seli za neva. Kwamba ndiyo iliyowaletea ugonjwa watu wa Guadeloupe haijathibitishwa moja kwa moja. Na juisi ya stafeli ya siku ya Ijumaa sina ugomvi nayo. Lakini vikombe viwili vya majani kila siku kwa miezi saba, hiyo si juisi tena.

Manjano ni habari nyingine, na naiheshimu zaidi, kwa sababu manjano yamepelekwa mpaka kwa wagonjwa wenyewe, tena wagonjwa wa kinywa.

Rangi ile inayokataa kutoka kwenye kanzu nyeupe inatokana na kurkumini. Mwaka 2001 madaktari wa Taiwan waliwapa kurkumini watu 25 wenye dalili za hatari za aina mbalimbali, wakiwemo saba wenye mabaka meupe kinywani, yale mabaka magumu yasiyofutika ambayo baadhi yake hugeuka saratani. Walianza na dozi ndogo wakapandisha mpaka gramu 8 kwa siku. Juu ya hapo wagonjwa walishindwa, si kwa sumu bali kwa wingi wa kumeza. Hata kwa gramu 8, kiasi kilichoonekana kwenye damu hakikufika maikromola 2 (kipimo cha ukolezi wa kemikali), na ndani ya saa chache kilikuwa kinapotea. Maabara, watafiti wengi humwagia seli maikromola 10 na kuendelea ndipo waone kitu. Katika wale saba wa kinywani, wawili walionyesha nafuu kwenye darubini. Mmoja aligeukia saratani kamili huku akiendelea kumeza.

Jaribio kubwa zaidi lilifanyika India, likachapishwa mwaka 2016. Wagonjwa 223 wenye mabaka hayo waligawanywa kwa kura: nusu wapate kurkumini gramu 3.6 kwa siku, nusu vidonge vinavyofanana navyo visivyo na dawa, miezi sita, daktari na mgonjwa wote hawajui nani kapewa nini. Waliopewa kurkumini, asilimia 67.5 yao walipata nafuu. Tofauti na wenzao ilikuwa ya kweli kwa hesabu za takwimu. Wafuasi wa manjano huishia hapo, na mimi ningependa wasiishie hapo, kwa sababu kinachonishangaza ni hao wenzao: waliomeza vidonge visivyo na kitu, asilimia 55.3 nao walipata nafuu.

Zaidi ya nusu! Mabaka ya kinywa hupanda na kushuka yenyewe, na mtu akishaambiwa na daktari kwamba kinywa chake kinafuatiliwa huenda akapunguza tumbaku bila hata kujigamba. Ndiyo maana kila mtaa una mtu anayeapa kwamba alisukutua kitu fulani akapona. Hasemi uongo. Angesukutua maji ya bomba, bado uwezekano ungekuwa wake. Na kinyama kilipokatwa na kutazamwa kwa darubini, ambako ndiko saratani huanzia kabla jicho halijaona, kurkumini haikuonyesha tofauti ya kutegemewa.

Sasa ile dozi. Nilitaka kuiona kwa macho, nikachukua mzani wa jikoni. Unga wa manjano wa kawaida una kurkumini kiasi cha gramu 3 katika kila gramu 100, ukibahatika. Ili upate gramu 3.6 unahitaji gramu 120 za unga. Nikaanza kuchota kwa kijiko cha chakula, cha kusawazishwa kwa kidole, nikimimina kwenye bakuli. Kijiko cha tano bakuli lilikuwa bado linasomeka kama la mpishi wa pilau. Cha tisa nikapiga chafya, ukuta ukapata rangi. Nilisimama kwenye cha kumi na tatu. Hiyo ndiyo siku moja, na zipo mia moja na themanini. Mjomba alikuwa anatia ncha ya kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, na kurkumini yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye maji. Inatuama chini, ile tope anayoimwaga akimaliza.

Kwa hiyo anayekwambia "utafiti umethibitisha manjano" anakupa matokeo ya vidonge halafu anakuuzia unga. Zipo pia sababu za kuyatazama hayo matokeo ya maabara kwa jicho la pembeni. Mwaka 2017 wataalamu wa kemia ya dawa walichapisha uchambuzi mrefu wakaonyesha kwamba kurkumini ni mdanganyifu wa vipimo: inang'aa, inanata kwenye protini ovyo, inavunjika haraka, na mashine huisoma kama imefanya kazi hata pale ilipopita tu. Na mmoja wa watafiti waliokuwa wakinukuliwa sana duniani kwa habari za kurkumini, huko Texas, makala zake zaidi ya kumi ziliondolewa na majarida yaliyozichapisha kwa sababu ya picha zenye mashaka. Hesabu ni makala ngapi za blogu, na sauti ngapi za WhatsApp, bado zimesimama juu ya zile.

Nisieleweke kwamba njia imefungwa. Kinywa kina bahati ambayo kongosho haina: kidole kinafika. Ikiwa tatizo la kemikali nyingi za mimea ni kwamba hazivuki tumbo na ini zikiwa hai, kwa nini zipitie huko? Huko Ohio, Marekani, walisaga rasiberi nyeusi, tunda dogo linalofanana na forosadi, wakalikausha, wakalitengeneza mafuta mazito yanayonata kwenye nyama ya mdomo, na wagonjwa 40 wenye mabaka ya hatari wakapaka mara nne kwa siku, miezi mitatu, wengine mafuta yasiyo na tunda. Matokeo yaliyochapishwa 2014: waliopaka lenye tunda mabaka yao yalipungua ukubwa, na darubini safari hii iliafiki. Ni watu 40 tu, na hakuna aliyefuatiliwa muda wa kutosha kusema waliokolewa na saratani. Lakini hiyo ndiyo akili ninayoitaka kwenye utafiti wa mitishamba: wameanza na swali la dawa itafikaje, badala ya kuanza na sifa za mmea. Chai ya kijani ilipojaribiwa Houston kwa watu 41, taarifa ya 2009, nusu ya waliomeza dondoo lake walipata nafuu dhidi ya chini ya mtu mmoja kati ya watano wa vidonge bandia. Ilipofika kwenye swali la nani hatimaye alipata saratani, makundi yalikuwa sawa.

Kuna jambo ambalo katika mjadala huu watu wa pwani tunalikwepa. Tambuu. Jani la mtambuu, popoo, chokaa, katu, na mara nyingi kipande cha tumbaku: hakuna hata kimoja kilichotoka kiwandani. Ni vya asili kuliko kidonge chochote utakachouziwa Kariakoo kwa jina la asili. Mwaka 1985 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilisema tambuu yenye tumbaku husababisha saratani. Mwaka 2004 likasema hata isiyo na tumbaku, na popoo peke yake, nayo husababisha. Popoo ina arekolini, kemikali ya mmea kama kurkumini ilivyo kemikali ya mmea. Ndiyo inayochangamsha, na ndiyo inayochangia nyama ya shavu kukaza pole pole mpaka mtu anashindwa kufungua mdomo aingize kijiko. Wazee walilijua jambo hili kwa upande wake mmoja. Neno uraibu, ambalo leo tunalitumia kwa bangi, heroini na simu, kwenye kamusi za zamani maana yake ni mchanganyiko huohuo wa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Jina la utumwa wa ulevi wote tumelitoa kwenye kisahani cha arusini.

Mjomba alikuwa anatafuna sababu upande wa kushoto na kusukutua tiba upande wa kulia, na vyote viwili kwake vilikuwa mitishamba.

Mimea inatudai deni kubwa, tena la kuandikwa. Mwaka 1962 mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani alikusanya magome ya mti wa nchi za baridi wa jamii ya misonobari, Taxus, katika jimbo la Washington. Kutoka kwenye gome lile ilikuja kupatikana paklitakseli, dawa ya saratani, ambayo iliruhusiwa kutumika kwa wagonjwa mwaka 1992. Miaka thelathini. Ndugu yake, dosetakseli, hutengenezwa kwa kuanzia na majani ya mti wa Ulaya wa ukoo huohuo, na leo ni dawa ya saratani za kichwa na shingo, kinywa kikiwemo. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai iliwajaribu wagonjwa 356 ambao miili yao haikuweza kuhimili sisiplatini, dawa ya kawaida inayotiwa pamoja na mionzi. Waliopata mionzi peke yake, baada ya miaka miwili walikuwa hai 41.7 katika kila 100. Waliotiwa na dosetakseli kidogo kila wiki, 50.8. Taarifa ni ya 2023. Ukila majani ya mti huo mabichi unakufa. Ng'ombe huko Ulaya hufa nayo. Sumu na dawa ni jani lilelile, zimetenganishwa na mizani, sindano na miaka thelathini ya watu wenye subira.

Nyumbani kwetu Afrika Mashariki nako kuna mfano. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, alipoeleza mwaka 1958 uvimbe wa mataya kwa watoto, ule unaoitwa kwa jina lake. Si saratani ya aina ya ulimi wa mjomba, inatokana na seli nyingine kabisa, lakini ilijaza vinywa vya watoto mpaka meno yakaelea. Miongoni mwa dawa zilizotumika Kampala kuitibu, na bado hutumika, ni vinkristini, inayotoka kwenye vinka, ua la waridi na jeupe lenye asili ya Madagaska ambalo nusu ya vibaraza vya Dar vimelipanda kwenye makopo ya rangi. Hakuna mama aliyeponyesha mtoto kwa kuchemsha maua ya kibarazani.

Basi ugomvi wa mitishamba na hospitali, kwa maoni yangu, ni ugomvi wa jina tu. Hatari yake halisi ina sura mbili. Ya kwanza ni kuchanganya. Watu wengi husema "nitafanya mionzi, na huku natumia virutubisho, haviwezi kudhuru." Quebec, Kanada, walilipima hilo kwa wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo waliokuwa kwenye mionzi, kwa kuwapa vitamini E, na wa mwanzo wakapewa na beta-karotini, ile ya karoti. Taarifa ya 2005: katika kipindi cha kumeza, waliopewa virutubisho walipata saratani mpya nyingi zaidi ya waliopewa vidonge bandia. Mionzi huua seli kwa kuziunguza kwa namna yake, na kinachozuia kuungua hakiulizi seli ni ya nani.

Ya pili ni muda, na hii ndiyo inayoua. Saratani ya kinywa ikikutwa ikiwa bado imekaa mahali pake, kwa takwimu za Marekani zaidi ya wagonjwa 80 katika 100 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikishasafiri mbali mwilini, hawafiki nusu. Miezi saba ya mjomba ilikuwa ndiyo njia kutoka namba ya kwanza kuelekea ya pili.

Na hapa sitamwachia yeye lawama yote. Mwezi wa pili wa donda alikwenda kituo cha afya. Akapewa antibiotiki na maji ya kusukutua. Akarudi, akapewa tena. Mara ya tatu aliyempokea hakuwasha hata tochi; aliandika dawa huku anatazama daftari. Muuza mitishamba wa sokoni, kwa upande wake, alimketisha kwenye kigoda, akamwambia "hebu toa ulimi, mzee wangu," akautazama kwa dakika nzima, akamuuliza habari za usingizi. Mwaka 2011 nchi yetu ilijipanga foleni ya magari kuelekea Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, na wasomi wakacheka. Mimi sikucheka. Watu walikwenda mahali ambapo kuna mtu anawatazama.

Na kutazama, kumbe, ndiyo tiba iliyopimwa vizuri kuliko zote nilizozitaja. Kuanzia 1996, huko Trivandrum, Kerala, wahudumu wa afya waliofundishwa walipita nyumba kwa nyumba katika baadhi ya kata wakiwatazama watu vinywani kwa macho, na kata nyingine zikaachwa na huduma ya kawaida. Watu zaidi ya 190,000 kwa jumla. Taarifa ya 2005 ilionyesha kwamba kwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34. Tochi, kijiti cha kushikia ulimi, na mtu aliyefundishwa kwamba donda la kinywa likipita wiki tatu bila kupona linakatwa kinyama, halipewi antibiotiki ya pili. Hakuna kurkumini, hakuna chai, hakuna stafeli iliyowahi kuonyesha kupunguza kifo hata kimoja kwa namna hiyo. Ningekuwa na fedha za utafiti wa mitishamba ningezitoa kwa moyo mmoja, ila nusu yake ingenunua betri.

Mjomba alikubali kukatwa kinyama mwezi wa nane wa donda, baada ya shingo kuvimba. Figo zake hazikuruhusu sisiplatini, kwa hiyo alipangiwa mionzi, na kila wiki dripu ya dosetakseli. Siku ya dripu ya pili nilikwenda kumwona.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Alizungumza kwa upande mmoja wa mdomo. Akaniuliza hilo jimaji linalodondoka linaitwaje, nikamwambia. Akauliza limetengenezwa na nini. Nikajikuta namweleza habari ya Taxus, gome, majani, na ng'ombe wa Ulaya.

Alinitazama muda mrefu, jicho likicheka.

"Miezi yote hiyo unanigombeza," akasema, "kumbe nao wananipa mti."

Halafu akaomba chai, isiwe ya moto, na tafadhali isitiwe kitu.